Ua Jeupe Kuliko Yote



Ndugu msomaji, tulirudi seminarini kutoka likizo tukiwa na picha 27 za maua ya mikorosho. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumewaahidi wenzetu kwamba tutazileta katika jarida hili. Leo tunaleta moja tu, na siyo ile tuliyoipenda. Sababu yake ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

Sisi ni mafrateri watatu, wanafalsafa, wote wazaliwa wa Lindi, wote tuna miaka 25 au tunaikaribia. Mmoja wetu ana simu yenye kamera nzuri na kioo kilichopasuka pembeni, nayo ndiyo simu yetu sote kwa mambo ya picha. Wa pili anajua kuzungumza na wazee. Wa tatu hupanda mti wowote. Tunaandika kwa pamoja, kwa hiyo usihangaike kutafuta nani kati yetu alisema lipi. Makosa tuliyafanya pamoja.

Wazo lilianzia darasani. Muhula uliopita tulikuwa tunasoma habari za uzuri, na mwalimu wetu akatuonyesha picha za micheri ya Japani, ile ambayo wenyewe huiita sakura. Alitueleza kwamba huko mwaka wa masomo huanza mwezi Aprili, wakati maua hayo yanapochanua sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo mwanafunzi mpya wa chuo kikuu hupigwa picha getini na wazazi wake, maua yakiwa juu ya kichwa chake. Maua hayadumu. Wiki moja, mbili, yameshapukutika. Watu huacha kazi zao wakaenda kukaa chini ya miti kuyatazama, na desturi hiyo ina karne nyingi. Mwaka 1912 jiji la Tokyo liliipelekea Washington zawadi ya miti kama 3,000, na mpaka leo Wamarekani nao hufurika kila mwaka kuipiga picha.

Kisha mwalimu akauliza, "Na ninyi kwenu huwa mnakwenda kutazama maua gani?"

Mmoja akataja mijakaranda. Mwingine akataja mikrismasi, inavyowaka nyekundu mwezi Desemba. Sisi wa Lindi tukanong'onezana, halafu tukasema, "Mikorosho." Darasa zima likacheka. Kwa wengi mkorosho ni korosho, na korosho ni fedha. Nani amewahi kukaa chini ya mkorosho kutazama ua?

Tuliudhika kidogo, tukaahidi ushahidi.

Mkorosho si mti wa asili wa kwetu. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki. Lakini umekaa nasi muda mrefu kiasi kwamba mtoto wa Lindi hawezi kufikiria kijiji kisichokuwa nao. Majira ya kipupwe, kuanzia Juni hivi, mti hutoa majani mapya mekundu, na mwishoni mwa matawi hutokea mashada ya maua. Shada moja lina maua mamia, madogo madogo, kila moja na petali tano nyembamba zinazojikunja kwa nyuma. Likichanua huwa jeupe lenye mistari myekundu, na likizeeka hugeuka kuwa la waridi iliyokolea, kwa hiyo shada moja huwa na rangi zote mbili kwa pamoja. Harufu yake ni tamu. Ukipita asubuhi, nyuki wameshakutangulia. Katika mamia hayo ya maua, mengi ni ya kiume na hayazai kabisa. Yale yanayoweza kuzaa ni machache, na hata kati ya hayo ni machache zaidi yanayofika kuwa korosho. Haya tuliyajua tangu utotoni bila kufundishwa, kama mtu anavyojua njia ya kisimani.

Mwezi Julai tukaenda Nyangamara. Ukitoka Mingoyo ukafuata barabara kuu ya Masasi, unafika mahali unaiacha lami na kuingia ndani kwa bodaboda. Huko anaishi bibi mzaa mama wa mmoja wetu, naye alitupokea sote watatu kuwa wajukuu. Bibi ni Mwislamu. Binti yake aliolewa na Mkatoliki, na huko kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu. Kila mmoja wetu humwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, na kwa sababu ya wito wetu ameongeza utani mwingine: "Waume watatu, na wote wamekataa kuoa."

Jumapili ya kwanza tulikwenda Misa. Tulipiga picha hapo pia: kwaya, watoto wa Utoto Mtakatifu, akina mama wa WAWATA na vitenge vyao. Baada ya Misa, badala ya kurudi nyumbani, tulipita mashambani. Jua lilikuwa la saa sita, anga safi, upepo wa kusi unavuma taratibu. Tulizunguka kutoka shamba hadi shamba kwa muda wa saa mbili. Maji moto walituuma shingoni, kwa sababu wale sisimizi wekundu hawapendi mtu anayeshika tawi lao kwa ajili ya picha. Tulicheka sana siku ile.

Kupiga picha ya mkorosho si kazi rahisi. Ni mti mpana, matawi yake yanainama mpaka chini, na chini yake kuna mambo mengi ya shambani. Kila tulipoelekeza simu tuliona kitu cha kuondoa. Mahali fulani palikuwa na nyasi ndefu zilizofika kiunoni. Mahali palikuwa na kisiki kilichoungua. Mahali palikuwa na ndoo ya plastiki iliyopasuka, imetundikwa tawini. Tulijifunza upesi dawa ya hayo yote, nayo ni kusogea karibu. Ukisogea karibu ya kutosha, nyasi, kisiki na ndoo vyote vinatoka nje ya picha, linabaki shada peke yake na anga ya buluu.

Hivyo ndivyo tulivyoipata picha ya 19. Lilikuwa shada jeupe kuliko yote tuliyoyaona siku ile. Mengine yalikuwa na waridi ndani yake, hili lilikuwa jeupe tupu, kama limenyunyiziwa unga laini, na jua likilipiga kwa nyuma liling'aa. Tulitazamana. Mmoja wetu akakumbuka mambo matatu ambayo Mtakatifu Thomaso wa Akwino anayadai katika kitu kizuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Tukayahesabu kwenye kioo cha simu, moja, mbili, tatu, yote yapo. Tukasema, hii ndiyo tutakayowanyamazisha nayo darasani.

Usiku, baada ya kula, tulimwonyesha Bibi picha moja moja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, kwa sababu mguu huo ulikuwa unamsumbua tangu wiki iliyotangulia. Alitazama picha za kwaya, akamsifia mama mmoja kwa kitenge chake. Alitazama maua, akasema "Mashallah" mara mbili tatu. Tulipofika picha ya 19 hakusema kitu. Alichukua simu mwenyewe, akaisogeza kwenye mwanga wa taa. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kioo, mara moja, mara mbili, kama mtu anayefuta kitu.

"Mume wangu," akauliza, "mti huu uko wapi?"

Tulidhani anausifia. Tukaanza kumweleza habari ya mwanga wa jua. Akatukatiza.

"Nimeuliza uko wapi. Huu si weupe wa ua. Huu ni unga."

Ndugu msomaji uliyekulia Kusini, umeshaelewa. Kwa msomaji wa kwingine, tueleze. Kuna ugonjwa wa mikorosho unaoitwa ubwiriunga. Ni ukungu unaokaa juu ya majani machanga, vitumba na maua, ukayafunika kwa kitu cheupe mfano wa unga. Hupenda majira haya haya ya kipupwe, usiku wa baridi na asubuhi ya umande. Hausubiri mtu aubebe, maana upepo ndio usafiri wake. Ua lililofunikwa halizai. Baada ya muda weupe unageuka kuwa rangi ya kahawia, shada linakauka na kupukutika, na msimu wa mti huo umekwisha kabla haujaanza.

Bibi anaukumbuka ugonjwa huo tangu ulipoingia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000, kiasi ambacho kilikuja kukaa miaka mingi bila kufikiwa tena. Mambo kadhaa yaliangusha zao hilo. Watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali nao na kugeuka vichaka. Bei haikumridhisha mkulima. Na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 ukaja unga. Bibi alikuwa mama mwenye watoto wadogo. Anasema mwaka mmoja waliona mikorosho imependeza, imekuwa myeupe, wakafurahi, wakadhani ni mwaka wa neema. "Na sisi tuliipenda," alituambia. "Msijione wajinga peke yenu."

Maneno hayo alituambia baadaye. Usiku ule alitaka jambo moja tu, kujua mti ulipo, nasi hatukuweza kumjibu.

Tulikuwa tumezima huduma ya kuonyesha mahali ili kutunza chaji. Mmoja wetu alisema ni karibu na kichuguu kikubwa. Mwingine alisema hapana, kichuguu kilikuwa picha za mwanzo. Tuliirudia picha ile tukitafuta alama, na ndipo tulipoona tulichokuwa tumekifanya. Kulikuwa na shada na anga, basi. Kila kitu ambacho kingetuambia mti ni upi tulikuwa tumekiondoa sisi wenyewe kwa bidii, kwa sababu hakikuwa kizuri.

Alfajiri tukatoka na Bibi, yeye na fimbo yake. Ana miti 42. Tuliikagua yote, mmoja mmoja, naye akatufundisha kutazama. Usitazame shada kwa mbele tu, ligeuze. Tazama kitumba ambacho hakijafunguka, maana unga huanzia huko. Pitisha kidole, weupe wa ua haubaki kidoleni, weupe wa unga unabaki. Kufikia saa nne tulikuwa tumekagua miti 40 na yote ilikuwa salama, kwa sababu alikwisha kuipulizia dawa mara ya kwanza. Miwili ya mwisho, ile ya mpakani upande wa kusini, ilikuwa imeanza kuguswa. Mashada machache tu, lakini kidole kilirudi cheupe.

Bibi akasimama, akageuza uso upande ambao upepo ulikuwa unatoka. Ng'ambo ya mpaka nyasi zilikuwa ndefu, zimefika kiunoni. Tukavuka. Mti wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Chini ya mti wa tatu mmoja wetu alisimama ghafla akaonyesha juu kwa kidole. Tawini palikuwa na ndoo ya plastiki iliyopasuka.

Tuliinua macho. Mti wote ulikuwa mweupe.

"Hapa ni kwa nani, Bibi?"

"Kwa Mzee. Mzee wenu wa kengele."

"Kwani hapalilii mwaka huu?"

Bibi alitutazama kwa muda. Hakukasirika, alishangaa. "Hamjui kwamba amelazwa Nyangao? Wiki ya tatu hii. Mimi nilidhani mwanawe ameshatoka Dar es Salaam kuja kumpulizia."

Tuseme wazi jambo lililotuuma. Mzee huyo ni mwanajumuiya. Tangu tukiwa wadogo tukija likizo Nyangamara, ndiye anayegonga kengele ya kanisa, na hukaa benchi la mbele upande wa kushoto. Sisi tulikuwa kanisani jana yake. Tulipiga picha ndani ya kanisa. Tulipofungua simu pale pale shambani, tukaliona benchi la mbele upande wa kushoto, na nafasi yake wazi, imeonekana vizuri kabisa, nyuma ya watoto wa Utoto Mtakatifu wanaotabasamu. Mafrateri watatu hawakuona. Bibi wa Kiislamu, mwenye mguu mbovu, alikuwa anahesabu wiki.

Sasa lilibaki suala la dawa. Bibi alikuwa na mfuko mmoja wa salfa ambao haujafunguliwa, aliouweka kwa ajili ya kupulizia miti yake kwa mara ya pili. Mfuko mmoja hauenei mashamba mawili. Tulisubiri aseme kwamba ataanza na kwake, na laiti angesema hivyo nani angemlaumu? Korosho hizo ndizo mafuta yake ya taa, sukari yake, nauli yake ya kwenda kutibiwa mguu. Alikaa kwenye kisiki kilichoungua, akakaa kimya, halafu akasema, "Tunaanza na kwa Mzee. Tukianza na kwangu tutakuwa tunafagia uwanja na upepo unavuma."

Mmoja wetu akataka kuliita jambo hilo upendo wa jirani. Bibi akasema ni upepo. Hatukubishana naye.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tulikuwa shambani. Kijana mwenye mashine ya kupulizia alikubali kuja, sisi tukachanga fedha ya petroli kutoka kwenye nauli zetu. Salfa hupuliziwa mapema, umande ukiwa bado upo na upepo haujaamka, ili unga wake wa njano ushike kwenye majani na maua. Tulibeba mfuko, tulifyeka nyasi, tulishika matawi. Khanga za Bibi tulizifunga puani. Macho yalituwasha siku mbili na tulikohoa katika masifu ya jioni. Mti ule mweupe kuliko yote ulipuliziwa pia, lakini Bibi alitutahadharisha tusitegemee kitu. Salfa hailifufui shada lililokufa. Inalilinda lile ambalo bado halijaguswa. Tuliupulizia kwa ajili ya majirani zake.

Jua lilipotoka, mti ule ulikuwa na rangi ya njano chafu, vumbi kila mahali. Tuliupiga picha tukiwa tumesimama mbali.

Siku ya Alhamisi tulikwenda Nyangao kumwona Mzee. Nyangao ni misheni ya kale ya Wabenediktini, ile iliyoshambuliwa na kuchomwa wakati wa vita vya Majimaji mwaka 1905, kisha ikajengwa upya. Hospitali yake inahudumia watu wa dini zote wa eneo hilo. Tulimkuta ameketi kitandani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo, mafrateri."

"Milele amina."

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani anagonga kengele?"

Hatukujua. Tulikumbuka kwamba Jumapili kengele iligongwa kwa kusitasita, mara tatu, ikanyamaza, kisha mbili, na kwamba tulitabasamu njiani tukiisikia. Hatukuuliza mkono ni wa nani. Tulimwomba radhi, tukamwahidi kuuliza. Baadaye tuliambiwa ni mjukuu wake wa miaka tisa.

Tulimwonyesha picha ya mti wa njano. Aliishika simu mbali na macho kama wazee wanavyofanya.

"Huu ni wangu," akasema. "Naiona ndoo yangu."

Tulimweleza yote, kuanzia picha ya 19. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza dawa imelipiwa na nani. Tulipomtajia Bibi, akageuka upande wa dirisha. "Mwambieni..." akaanza, halafu akaacha. "Hapana. Msimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe." Tulipoomba kumpiga picha ya kumbukumbu alikataa kwa mkono. "Msinipige mimi. Pigeni miti."

Tumeyatafakari haya kwa miezi kadhaa sasa. Hatufikiri kwamba tulikosea kwenda kutazama maua. Bwana wetu mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake wayatazame maua ya kondeni. Tulipolifungua Agano Jipya la Kigiriki, ambalo tunalisoma kwa kuchechemea, tuliona kwamba kitenzi kilichotumika hapo katika Injili ya Mathayo hakina maana ya kutupa jicho tu. Ndani yake kuna kujifunza, kujifunza mpaka ukakielewa kitu. Mkulima anayegeuza shada na kupitisha kidole yuko karibu na agizo hilo kuliko sisi tulivyokuwa jana yake. Naye Bibi hajaacha kuona kwamba maua ni mazuri. Ndiye aliyesema "Mashallah". Ila uzuri wake una historia, una miti 42, una jirani.

Wala hatudhani kwamba Mtakatifu Thomaso alitudanganya kwa mambo yake matatu. Tulikosea katika la kwanza. Tuliona shada zima, hakuna petali iliyokatika, tukasema ni kamili. Lakini ukamilifu wa ua la mkorosho haupo katika kutokatika. Upo katika kuwa kile linachopaswa kuwa, nalo linapaswa kuelekea kwenye korosho. Shada lile lilikuwa limeshakatiwa njia hiyo. Tuliuona mng'ao tukaridhika nao, hatukuuliza unatoka wapi.

Kwetu sisi tunaoandaliwa kuwa wachungaji, jambo hili halikomei kwenye maua. Mapadre vijana siku hizi tuna simu, parokia zina kurasa zao, na kila Jumapili zinatoka picha nzuri za waamini wanaotabasamu. Sisi wenyewe tunazipiga. Ni rahisi sana kusogea karibu na vitenge mpaka benchi tupu likatoka nje ya picha. Baada ya hapo mtu anasema jumuiya iko hai, na ushahidi anao mkononi.

Mzee aliruhusiwa kutoka hospitali mwezi Septemba. Sisi tulikuwa tumesharudi masomoni. Mwezi Novemba Bibi alitupigia simu. Alisema miti yake miwili ya mpakani imetoa kidogo, mingine inakwenda vizuri, anaokota kila asubuhi. Mti wa Mzee wenye ndoo haukutoa kitu. Miti yake mingine imetoa, si haba. Tulimuuliza kama Mzee alimwambia lile neno alilosema atamwambia mwenyewe. Bibi alicheka. "Hajasema kitu. Kila siku anakuja kuokota kwangu, kisha ndiyo anakwenda kwake."

Darasani tuliwaonyesha wenzetu picha mbili, ya 19 na ya mti wa njano, bila maelezo. Wote walichagua ya 19. Tukawasimulia. Hakuna aliyecheka. Mwaka huu mijakaranda ya seminari ilipochanua mwezi Oktoba, tuliona baadhi yao wakipita chini yake, wakasimama, na kabla ya kutoa simu wakanyanyua mikono kuinamisha tawi na kulitazama kwa nyuma.

Picha tunayoileta, basi, ni ya pili. Mti una vumbi. Kushoto utaona nyasi nusu zimefyekwa, kulia kuna kisiki, na juu yake amekaa mwanamke aliyejifunga khanga usoni, ameunyoosha mguu mmoja. Alituruhusu, kwa sharti kwamba asijulikane. Ukitazama katikati, kwenye tawi la chini, utaiona ndoo.

Tunaomba mumkumbuke Mzee katika sala zenu, na mjukuu wake ambaye bado anagonga kengele siku za baridi, na Bibi, ambaye anatuombea sisi kwa namna yake.